Maji Yaliyotulia na Moyo wa Mzee Kibwana

Nilistaafu nikiwa bado nina maneno mengi kifuani, na hapa Mkuza sina wa kumalizia isipokuwa kuku wangu na majirani wanaopita kwenda dukani. Kuku hawana haja ya kujua MRI. Majirani nao nikianza tu husema, "Mama Elinami, ngoja nirudi," halafu hawarudi. Basi nawaandikia ninyi, wanangu mnaoingia sasa kwenye vyumba vile vya baridi, mkae na bibi yenu kidogo kabla hamjabonyeza kitu.

Watu wengi wanajua MRI inapiga picha ya ubongo na uti wa mgongo. Wachache wanajua kwamba mtambo uleule hupima damu inavyotembea: moyo ukipiga mara moja, damu kiasi gani imepita kwenye mshipa mkuu, na kiasi gani imerudi ilhali haikutakiwa kurudi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu kwa miaka mingi. Na nawaambia wazi, kupima ni sehemu ndogo ya kazi. Sehemu kubwa ni kugombana na makosa ya picha mpaka yaondoke.

Aliyenifundisha kugombana ni Bwana Mushi, Mchaga. Mimi ni Mpare. Mnaojua utani wa makabila haya mawili mmeshaelewa nilivyokiona cha moto. Siku aliyonipokea alinitazama kichwani hadi miguuni akasema, "Ninyi Wapare huuza ng'ombe ili mshinde kesi ya kuku. Karibu sana. Humu ndani tunataka mtu wa kugombania kuku."

Nilinuna siku nzima. Baadaye nikagundua kwamba alikuwa amenisifu.

Somo lake la kwanza lilikuwa la kasi. Kabla ya kupima, mtambo unataka uuambie damu hii mwisho wake itakimbia kasi gani. Ukitaja kasi ndogo kuliko ya kweli, damu ikiivuka mtambo unakosa pa kuiandika, unaigeuza. Ni kama mshale wa saa: ukipita kumi na mbili unaanza tena moja, na aliyeingia chumbani sasa hivi hawezi kujua umeshazunguka mara ngapi. Kwenye picha utaona mshipa mweupe, na katikati yake doa jeusi tii, kana kwamba damu ya katikati inarudi kinyumenyume.

Mara ya kwanza kuliona doa lile nilimwita Bwana Mushi kwa sauti ya msiba. Akaja taratibu, kikombe cha chai mkononi, akachungulia.

"Mgonjwa huyu amekujaje?"

"Kwa miguu yake."

"Na ataondokaje?"

"Nadhani kwa miguu yake."

"Basi damu yake haijarudi popote, Mama. Ongeza kasi, rudia."

Nikaongeza, nikarudia, doa likatoweka. Kwa woga wa doa nikaanza kuweka kasi kubwa kwa kila mtu, na hapo napo nikakemewa. Kasi ikiwa kubwa mno, picha inajaa chenga na huoni kitu. Mizani ya kupimia magunia ya korosho haiwezi kukwambia umeshika iliki ngapi. Siku hizi kompyuta inaweza kulinyoosha lile doa yenyewe, na mimi sina kinyongo nayo. Ila anza na kasi inayofaa, usiache uchafu eti kwa sababu kuna wa kufagia.

Somo jingine halikuwa kwenye kitabu chochote, tulilipata kwa wagonjwa wetu wenyewe. Mtambo lazima ujue moyo unapopiga, kwa hiyo tunabandika vibandiko kifuani vyenye nyaya. Sasa, mtu wa Pwani aliyelelewa vizuri haendi hospitali mkavu. Ataoga, atajipaka mafuta ya nazi, atang'aa. Unambandika, anaingia ndani, kibandiko kimoja kinateleza mpaka kwapani, mtambo unapoteza mapigo, na picha ya moyo inakuwa ukungu mtupu. Wageni waliokuja kutufunga mtambo walidhani waya zimeharibika, wakabadilisha waya. Bwana Mushi akachukua pamba na spiriti akamfuta mama wa watu kifua, tena kwa kumwomba radhi, na mapigo yakarudi. Futeni kwanza, wanangu. Na msimcheke mtu kwa kujipamba, amejipamba kwa ajili ya kukutana nanyi.

Halafu kuna pumzi. Hili bado linanichekesha peke yangu jikoni. Ili kifua kitulie tunamwambia mgonjwa avute pumzi na kuizuia. Tunasema kwa kipaza sauti, naye amelala ndani ya lile shimo. Kwa watu wetu, mtu akikusemesha na wewe ukanyamaza, hukufunzwa. Basi unasema, "Vuta pumzi, zuia," na sauti inatoka ndani, "Haya mwanangu, nimezuia!" Pumzi yote imeishia kwenye adabu. Picha inatoka na vivuli, mshipa mmoja unaonekana mitatu, na damu unayoipima huijui ni ya mshipa gani.

Bwana Mushi aliweka desturi: salamu zote zimalizwe mlangoni. Shikamoo, habari za nyumbani, za watoto, za shamba, za mvua, mpaka mgonjwa mwenyewe achoke. Ndipo unamwambia, "Mzee wangu, ukishaingia humo mimi ndiye mkosa adabu. Nitakuamrisha, na wewe usinijibu neno. Ukitoka tutasalimiana upya." Vijana waliokuja baadaye waliona tunapoteza muda. Mmoja alianza kupima, katikati akakumbuka hajamsalimu bibi aliyelala mle ndani, akawasha kipaza sauti: "Shikamoo bibi!" Bibi akaitikia marahaba, akauliza hali, akauliza na ya mama yake. Ikabidi tuanze upya.

Sasa niwaambie la mwisho, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Makosa niliyoyataja yote yana sura. Doa utaliona, ukungu utauona, kivuli utakiona. Lipo kosa lisilo na sura. Mtambo ule ni sumaku kubwa, na ndani yake zimo sumaku ndogo ambazo, zinavyojiwasha na kujizima kwa haraka, zinaacha mikondo midogo ya umeme katika vyuma vya mtambo wenyewe, na mikondo hiyo inaipa picha nzima kasi ya uongo. Kasi ndogo sana. Picha inabaki nzuri, imetulia, inapendeza hata kuitundika ukutani. Lakini chukulia mizani ya duka ambayo ikiwa tupu inasoma kidogo. Kwa mteja mmoja si kitu. Kwa wateja wa kutwa nzima ni gunia. Na mshipa mkuu wa moyo ni mpana, na mtambo unajumlisha kila nukta yake kwa mapigo mazima. Kile kidogo kikiwa cha kurudi nyuma, unamwambia mtu mzima kwamba vali ya moyo wake, kile kilango cha damu, inavuja vibaya.

Dawa yake ni kutazama kitu ambacho hakiendi popote. Msuli wa kifua hautiririki. Ukiuona kwenye picha unatiririka, jua mtambo unasema uongo. Na kama unataka kujua unasema uongo kiasi gani pale hasa mshipa ulipopita, basi mgonjwa akishashuka usiguse chochote. Acha kila kitu kama kilivyokuwa, weka dumu la maji mahali kilipokuwa kifua chake, pima tena vilevile. Maji yaliyotulia kasi yake ni sifuri. Chochote mtambo utakachosoma hapo ni chake, si cha mgonjwa. Unakitoa.

Sharti ni moja: maji yawe yametulia kweli. Ukilibeba dumu na kulitua, kwa macho utaona limetulia, ila ndani bado maji yanazunguka, na mtambo unayaona. Ndiyo maana dumu letu lilikuwa linakaa mlemle chumbani, maji safi na chumvi kidogo ili yafanane na ya mwilini, na Bwana Mushi alikuwa mkali nalo kuliko alivyokuwa na sisi. Alipostaafu alinikabidhi dumu kabla ya kunikabidhi funguo.

Mzee Kibwana alitoka Vihingo, kule Kisarawe, akaja na binti yake Mwanahawa. Alikuwa mkulima wa mihogo na mananasi, mrefu, mwembamba, amevaa kanzu iliyopigwa pasi vizuri. Vali ya mshipa wake mkuu ilikuwa inavuja, hilo lilijulikana. Kisichojulikana ni kiasi gani. Kipimo cha mawimbi ya sauti hakikutoa jibu la kueleweka, mbavu zilikuwa zinaziba. Dokta Neema, daktari wa moyo, akamleta kwetu, akamweleza bila kumficha: uvujaji ukiwa mdogo, atakunywa vidonge vya presha na kuangaliwa. Ukiwa mkubwa, kifua kitafunguliwa na kuwekwa vali ya chuma. Na mwenye vali ya chuma hunywa dawa ya kuifanya damu iwe nyepesi kila siku ya maisha yake, na damu yake lazima ipimwe mara kwa mara, isije ikawa nyepesi mno au nzito mno.

"Ipimwe wapi?" aliuliza Mzee Kibwana.

"Huku mjini, mzee. Kwenu bado hakuna kipimo hicho."

"Na mvua ikiwa kubwa, njia imekatika?"

Dokta Neema akasema tutaangalia.

"Na jembe?"

"Jembe itabidi uwaachie wengine. Kidonda kidogo tu kitatoka damu nyingi."

Yule mzee akaitikia, "Sawa." Binti yake akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Tulimaliza salamu mlangoni, nikamfuta mafuta, akaingia. Alikuwa mgonjwa mzuri, alizuia pumzi bila kunijibu. Nikampima, nikamshusha, akatoka kwenda kukaa kwenye benchi na binti yake. Dokta Neema akavuta kiti karibu yangu tukasoma hesabu pamoja. Uvujaji ulikuwa mkubwa. Mkubwa wa kufungua kifua.

Mchana ule ule kulikuwa na kikao cha madaktari wa upasuaji, na Dokta Neema alitakiwa kupeleka jibu. Hakunyanyuka. Alikuwa anaangalia picha ya moyo wenyewe.

"Mbona moyo haujapanuka?" akasema. "Uvujaji wa namna hii, kwa muda aliougua, moyo ungekuwa umefura. Mama Elinami, msuli unasemaje?"

Nikaweka alama kwenye msuli wa kifua. Unatiririka. Nikaweka upande wa pili. Unatiririka pia, tena zaidi. Nikamwambia, "Dokta, nipe nipime maji."

Nikainuka kufuata dumu. Asubuhi ile chumba kilikuwa kimepigwa deki, na msafishaji alilitoa dumu akaliweka nje, pembeni ya mlango. Nilimwona akilitoa na nilikusudia kulirudisha. Nikafungua mlango. Dumu lilikuwepo, kifuniko kando, ndani hamna hata tone.

Nikatazama kwenye benchi. Mzee Kibwana alikuwa ameshusha mikono ya kanzu nusu, viwiko vinachuruzika, ndevu zinachuruzika, miguu imelowa, uso umeng'aa kwa amani.

"Shikamoo mzee. Hapa palikuwa na dumu la maji."

"Marahaba, mwanangu. Mungu awazidishie. Nimezunguka hospitali nyingi, sijaona pengine wanapomwekea mtu maji ya udhu mlangoni." Akapangusa ndevu. "Ila niliposukutua nimeona yana chumvi kidogo. Nikasema ndivyo vilivyo visima vyetu vya Pwani."

Mwanahawa alinitazama usoni, akaelewa kuna jambo, akajifunika mdomo kwa khanga. "Baba! Umetumia maji ya watu!"

"Maji ni ya Mungu," akasema mzee, lakini safari hii kwa wasiwasi.

Sikujua nicheke au nilie. Nilijaza dumu, nikatia chumvi, nikalilaza mahali kilipokuwa kifua chake, nikafunga mlango. Kisha nikakaa chini.

Hapo ndipo ilipoanza kesi ya kuku. Wagonjwa wengine walikuwa wanasubiri. Simu ya Dokta Neema iliita, wenzake wa kikao walikuwa wanamtaka. Kijana tuliyekuwa naye zamu akaniambia kwa upole, "Mama, maji si yameshatulia? Tazama." Nikamwambia hayajatulia. Akaniuliza najuaje. Nikamwambia najua kwa sababu nimeyamimina mimi. Nikiyapima yakiwa yanazunguka nitatoa uongo na kuweka uongo mwingine mahali pake, na juu ya uongo huo mtu atapasuliwa au hatapasuliwa. Dokta Neema akapokea simu. "Subirini kwanza," aliwaambia wenzake, akaitia mfukoni, akabaki nami. Nampenda yule mwanamke mpaka leo kwa neno hilo.

Nilitoka kwenda kumwomba radhi mzee kwa kumchelewesha. Alikuwa ameshaswali, amekaa.

"Mnasubiri nini, mwanangu?"

"Maji yatulie, baba."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia jambo la kawaida kabisa. Halafu akasema, taratibu, binti yake asisikie, "Kisu sikiogopi sana. Naogopa kuja na kurudi. Nitakuwa mgonjwa wa barabarani. Mtu wa namna hiyo watoto wanamchoka, hata wakimpenda."

Niliogopa kumpa moyo kwa kitu nisichokuwa nacho mkononi.

Niliporudi nikapima. Maji yale, yaliyolala kimya ndani ya plastiki, mtambo ulisoma kwamba yanakwenda, na yanakwenda upande uleule wa uvujaji. Nikatoa kasi ile kwenye kipimo cha mzee. Nikaangalia msuli: umetulia. Upande wa pili: umetulia. Nikajumlisha upya damu iliyokwenda na iliyorudi. Iliyorudi ilikuwa kidogo. Dokta Neema hakushangilia, akasema nipime maji mara nyingine tuone kama yatasema neno lilelile. Yakasema lilelile. Ndipo akanishika bega, akaenda kwenye kikao chake karibu anakimbia.

Mitambo ya sasa inafanya marekebisho haya yenyewe, na wengi wenu hamtawahi kubeba dumu. Ninafurahi. Mgongo wangu ungefurahi zaidi kama ingeanza mapema. Lakini kila siku, kabla hujaandika jibu la mtu, weka alama kwenye kitu kisichotembea uone kama kimekaa. Mkikataa kwa uvivu, msiseme Mpare hakuwaambia.

Dokta Neema aliporudi tulimwita Mzee Kibwana na binti yake ndani. Akamwambia hakuna upasuaji. Vali inavuja kidogo, atameza vidonge vya presha, atarudi kuangaliwa baada ya mwaka, na jembe lake ashike. Mwanahawa alianza kulia papo hapo. Mzee aliinamia mikono yake mpaka Dokta Neema akamuuliza kama amemwelewa.

"Nimekuelewa, dokta," akasema. "Ila mimi mwezi uliopita niliwagawia wanangu shamba. Niliwaita wote, nikamwonyesha kila mmoja pake, nikaagana nao. Sasa nitarudi niwaambie nini? Nirudishieni?"

Mwanahawa alijifuta macho kwa pindo la khanga.

"Baba, hakuna aliyechimba mpaka. Ulipoingia ndani kulala, kaka walikubaliana asiguse mtu. Lile shamba ni lako, lipo vilevile, na majani yameota mpaka magotini kwa sababu kila mmoja alikataa kulima cha baba aliye hai."

Mzee Kibwana akainuka, akatafuta viatu vyake kwa miguu, akavivaa, cha kushoto mguu wa kulia. "Twende," akamwambia binti yake. "Palizi imechelewa."